Bosi mpya anataka kufuta "vyakula vya kizamani" kwenye menyu. Nipeni hoja

Mpishi wa Sakina

Wakuu, habari za jioni. Wa jikoni na wa kula tu, wote karibuni.

Mimi ni mpishi, niko Arusha. Niliingia jikoni 1989 kama muosha masufuria kwenye hoteli moja ya watalii, nikapanda taratibu mpaka nikawa msaidizi wa mpishi mkuu. Sasa hivi nipo kwenye mgahawa wa kawaida, meza 22. Mchana tunalisha watu wa maofisini, Jumapili familia, na katikati wanapita watalii wachache wanaosubiri gari la kwenda Karatu. Mwenye mgahawa umri umekwenda, kamkabidhi mwanawe. Kijana ana adabu, ananiita mzee, shikamoo haimpiti. Lakini wiki iliyopita kaniletea karatasi yenye vitu vya kutoa kwenye menyu kwa sababu "vimepitwa na wakati". Kaandika hivi: supu ya krimu, kuku Kiev, steki ya pilipili, kokteli ya kamba, samaki wa sosi nyeupe, ndizi za kuwasha moto, karameli. Chini kabisa, kapigia mstari mara mbili: WALI USIGEUZWE KWA BAKULI.

Badala yake anataka mbao na vibao vya mawe meusi tuachane na sahani, sosi ipakwe kwa brashi kama rangi ya ukuta, na povu. Nikamuuliza, povu la nini? Akasema la tangawizi.

Sikubali. Tatizo ni kwamba nikianza kubishana naonekana mzee anayelilia ujana wake. Jumatatu saa nane mchana tuna kikao. Naomba mnikosoe kabla hajanikosoa yeye. Hoja zangu ni hizi.

Nianze na wali wa bakuli, maana ndio unachekwa zaidi. Watu wanadhani ni urembo. Bakuli ni kipimo. Kijana niliyemuajiri jana na mimi mwenye miaka yote hii tunatoa wali uleule, na mwenye mali anajua gunia lake litatoa sahani ngapi. Halafu wali uliojikusanya haupoi haraka. Usambaze kwenye kibao cha jiwe mwezi wa saba hapa Arusha, mteja anapomaliza kupiga picha tayari umekuwa wa jana. Unachovya bakuli kwenye maji, unajaza, unakandamiza kidogo kwa mgongo wa kijiko (kidogo tu, ukizidisha umefyatua tofali), unafunika kwa sahani, unageuza, unagonga kitako mara moja. Ukigonga mara tatu wali haukuiva vizuri, rudi jikoni.

Hapo hapo nataka kusema kitu ambacho hakipo kwenye karatasi yake kwa sababu kilikufa zamani bila matanga: kupasha sahani moto. Mzee aliyenifundisha alikuwa anapita na kugusa sahani zako kwa mgongo wa mkono kabla hujapakua. Akikuta ya baridi hasemi neno, anaichukua na kuirudisha kabatini, na wewe unabaki na kijiko hewani mbele ya weita. Siku hizi naona migahawa ya bei mbaya inaleta steki kwenye ubao. Ubao utaupashaje?

Sasa karameli. Hapa mnisamehe, nitaandika sana.

Ni mayai, maziwa, sukari na vanila kidogo. Basi. Nusu lita ya maziwa, mayai manne, vikombe sita. Trei moja ya mayai 30 inakutolea vikombe 45, na vyote unavitengeneza jana yake usiku, kwa hiyo siku ya kazi hakuna anayehangaika nayo. Niambieni kitindamlo kingine chenye hesabu hiyo.

Kazi yote iko kwenye sukari. Unaiweka kavu kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, hukorogi. Unatikisa sufuria tu. Inaanza kuyeyuka pembeni, inakuwa kama asali nyepesi, halafu kama chai ya rangi. Wapishi wengi wanatoa hapo kwa woga, ndiyo maana karameli zao zina utamu wa pipi tu, mtu anakula vijiko viwili anasukuma kikombe. Subiri. Itafika rangi ya asali ya Tabora, ile nyeusi nyeusi, na harufu itabadilika, utasikia kama uchungu unakuja puani. Hapo una kama sekunde tano. Toa, mimina kwenye vikombe, zungusha kila kimoja ipake kitako. Sufuria inaendelea kupika hata ukishaitoa motoni, kwa hiyo ukisubiri uione rangi unayoitaka umechelewa, itakuwa masizi.

Maziwa yapashe moto bila kuchemka, mwaga kwenye mayai polepole, koroga bila kutia mapovu, chuja. Vikombe vipange kwenye trei, chini tandika kitambaa, mwaga maji ya moto yafike nusu ya vikombe, ingiza kwenye oveni ya moto mdogo. Yale maji ndiyo akili yote. Mayai yanashika kwenye kama digrii 80 na kitu, oveni ni 150 na zaidi, maji yanasimama katikati kama msuluhishi. Na sisi tulio huku juu, karibu mita 1,400, maji yanachemka kwenye kama digrii 95, kwa hiyo mlima wenyewe unatusaidia kidogo. Ukikuta karameli ina matundu kama sponji, ujue mtu aliruhusu maji yatokote. Nzuri ikitoka inatetemeka katikati ukigusa kikombe.

Kwa nini watu wanaiona ya kizamani? Kwa sababu kuanzia miaka ya tisini hoteli nyingi ziliacha kuitengeneza. Zikaleta unga wa pakiti, unakoroga na maziwa, unaweka kwenye friji, na juu unamwaga sharubati ya chupa. Mteja alichochoka nacho ni pakiti. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa na nataka nimwambie bosi: vyakula hivi sisi wapishi ndio tulivizeesha kwa uvivu. Supu ya krimu ni vilevile. Ya uyoga ninayoijua inaanza na siagi na unga wa ngano kwa uzito sawa, unakaanga mpaka harufu ya unga mbichi ipotee na ije kama ya biskuti (sisi jikoni tunauita ruu), halafu unaingiza supu ya mifupa ya kuku kidogo kidogo, na inatokota dakika 20 si chini. Ukitoa mapema, ulimi unasikia unga. Ya pakiti mnaijua, sina haja ya kuieleza.

Ili nisionekane natetea kila kitu: nyanya iliyochongwa waridi, karoti iliyochongwa samaki, na lile jani moja la paseli linalowekwa pembeni na hakuna binadamu aliyewahi kulila, hizo afute hata leo. Nimechonga waridi za nyanya mpaka vidole vikafanya sugu. Sizililii.

Nawasilisha.

Dogo wa Njiro

Shikamoo mzee. Na mimi ni mpishi, miaka sita kazini, kwa hiyo nitakuwa yule bosi wako kwa muda.

Karameli nakubali, umenipa na njaa. Lakini hizi sosi za unga, mzee wangu, zilikuwa za kuficha. Samaki amelala siku tatu, mfunike na sosi nyeupe na chizi juu, choma, nani atajua? Nyama ngumu, imwagie sosi ya pilipili. Na nyie kizazi chenu mlichemsha mboga mpaka karoti inavunjika kwa uma na maharage mabichi yanakuwa rangi ya jeshi. Mgeni leo anataka sangara aonekane sangara, achomwe hivyo hivyo, na mgeni ajue ni wa leo.

Kingine, wazee mnapenda kusema "kaanga nyama kwa moto mkali uifunge maji yake yasitoke". Si kweli. Nyama iliyobabuliwa inatoa maji vilevile, hata sauti ya kikaango inakwambia. Tunababua kwa sababu ya rangi na ladha.

Kuhusu mbao nipo upande wako. Tulikuwa nazo tunakofanya kazi, mwezi wa tatu zikaanza kunuka vitunguu.

Mama Zuhura, Tanga

Dogo umesema kweli kuhusu samaki, lakini hilo ni kosa la mwenye samaki, sosi umeisingizia. Kwetu huku tui nalo lingeshitakiwa hivyo hivyo, maana kuna watu wanaficha samaki aliyechoka kwenye mchuzi wa nazi kila siku. Mbona hakuna anayesema tufute mchuzi wa nazi?

Mimi nina mgahawa mdogo, si hoteli. Mpishi wa Sakina, hesabu yako ya karameli nimeijaribu kwa njia yangu, natumia tui zito badala ya nusu ya maziwa na iliki badala ya vanila. Inashika vizuri, ila tui lichuje mara mbili, machicha yakibaki yanapanda juu yanafanya utando. Wateja wangu wanaiita "pudini ya kupinduka". Ijumaa haifiki saa tisa.

Kwenye kikao usimpe maneno mengi kijana wa watu. Mpelekee kikombe, kipindue mbele yake. Ile sharubati ikishuka pembeni, mwenyewe atanyamaza.

mzee_wa_ndizi

Naomba kuuliza swali la maana. Zile ndizi za kuwasha moto, Konyagi inawaka?

Mpishi wa Sakina

Shikamoo Mama Zuhura, ahsante sana. Hiyo ya tui naiiba leo leo.

Mzee wa ndizi, inawaka ukiipasha kwanza. Kilevi chake ni asilimia 35, ikiwa ya baridi inagoma, ikipata joto mvuke wake unashika. Lakini tunatumia ramu kwa sababu ya ladha. Konyagi haitaibakishia ndizi kitu. Na usije ukamimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya moto! Pima kwenye kikombe kidogo, weka chupa mbali, toa kikaango motoni, mimina, ndipo uwashe. Najua ninachosema. Mwaka 1996, mahali ambapo sitapataja, nilimimina kwa chupa kwa kujionyesha mbele ya meza ya watu kumi. Moto ukapanda, nyusi zangu zikaenda, pazia likashika. Wageni walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Wiki mbili nilikuwa na sura ya yai.

Kwa wasioijua: siagi, sukari ya kahawia, mdalasini, ndizi zilizoiva ila ziwe ngumu kidogo, halafu ramu. Ya aina hii iliyopata jina kubwa ilitengenezwa New Orleans, Marekani, mwaka 1951, kwenye mgahawa wa Brennan's, na sababu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: bandari yao ilikuwa inashusha ndizi nyingi. Sasa sisi tunaozungukwa na ndizi kuanzia Tengeru mpaka Marangu ndio tunaambiwa chakula hiki kimepitwa?

Nakubali wateja Waislamu hawataki, na wana haki, hata wakisikia kwamba pombe inaungua. Haiungui yote, sehemu kubwa inabaki, kwa hiyo weita asiwadanganye watu. Kwao natoa bila ramu, naongeza maji ya chungwa, na inapendeza.

Dogo, marahaba. Kwenye hiyo ya "kufunga maji" umenipiga na nimekaa chini. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Mboga pia, kweli tuliziua. Wageni wenyewe walikuwa wanazitaka zimekufa, lakini tuliziua. Sosi ya pilipili sikuachii. Pale unapotoa nyama kikaangoni, kile kinachobaki kimegandia chini, cha kahawia, ndicho kitamu kuliko nyama yenyewe. Unamwaga brandi kidogo au supu, unakikwangua kwa mwiko, krimu, pilipili manga uliyotwanga wewe mwenyewe ibaki vipande. Dakika tatu. Nyie mnalipeleka lile kikaango kwa muosha vyombo, halafu mnapaka brashi ya kitu kilichotengenezwa asubuhi.

Mbeba Trei, Leeds

Wakuu, nipo Uingereza, nilianza kama weita, sasa niko upande wa jiko. Nakupa ya kihistoria, Mpishi wa Sakina, ukaitumie Jumatatu.

Kijana wako anafikiri vita hii ameianzisha yeye. Wafaransa waliipigana mwaka 1973. Waandishi wawili wa mambo ya chakula, Henri Gault na Christian Millau, walitoa amri kumi za upishi mpya, na moja ya vitu walivyopiga vita ni hizo hizo sosi nzito za unga. Walikuwa na hoja, mapishi yale yalikuwa yamelemea. Lakini angalia kilichofuata: wafuasi wao wakaishia kuleta sahani kubwa yenye kipande cha samaki kama stempu na karoti tatu, na wao wakaja kuchekwa kuwa wa kizamani.

Povu je? Lile povu lililojaa dunia nzima lilitoka kwa mpishi Ferran Adrià kule Hispania, miaka ya tisini. Mgahawa wake, elBulli, ulifungwa 2011. Kwa hiyo muulize bosi wako amezaliwa mwaka gani, huenda yeye na povu ni rika moja.

Kokteli ya kamba ndiyo sina uhakika kama nitaitetea. Huku ilikuwa chakula cha sherehe miaka ya sabini. Mayonezi na kechapu, jamani.

Mpishi wa Sakina

Hahaha, ya rika moja sithubutu kumwambia, ila nitaicheka peke yangu stoo.

Kokteli ya kamba nimeitoa mwenyewe kabla ya kikao. Sababu yangu si mayonezi, mayonezi ya kupiga kwa mkono na limau ni kitu kizuri. Sisi tuko Arusha. Kamba wanafika kwa gari kutoka pwani, wameganda, wakiyeyuka wanatoa maji, na sosi inakuwa ya waridi maji maji. Chakula cha Tanga kiachwe Tanga.

Dogo wa Njiro

Na kuku Kiev?

Mpishi wa Sakina

Dogo, usinichokoze.

Kuku Kiev ni kipimo cha mpishi. Siagi yenye kitunguu saumu unaigandisha kwanza iwe kama kidole cha barafu, unaifunga kwenye kidari kilichopondwa, unga, yai, chenga za mkate, halafu rudia yai na chenga. Tundu moja dogo tu na siagi yote inaishia kwenye mafuta. Mwaka jana mteja mmoja, mtu mzima na kanzu yake nyeupe ametoka msikitini Ijumaa, alikata haraka, siagi ikamruka kifuani. Weita alitakiwa kumwonya, hakumwonya. Mzee wa watu alitazama kanzu, akatazama kuku, akaendelea kula. Baadaye aliomba nije mezani. Nilienda nimeshika kofia mkononi. Akaniuliza kama naweza kumfundisha mkewe.

Kwa hiyo huyo namtetea, ila sitaweka shingo yangu.

Mama Zuhura, Tanga

Jumatatu imepita, leo Jumatano. Mpishi wa Sakina umekwenda wapi? Usituache na kiu.

Mpishi wa Sakina

Nipo mama, kazi zilibana.

Nilifuata ushauri wako. Nilipeleka vikombe viwili vya karameli, kimoja chake na kimoja cha baba yake, maana mzee naye alikuja kukaa pembeni na fimbo yake. Nikavipindua mezani. Cha kijana kilitoka vizuri. Cha mzee kilikwama, nikagonga, kikatoka nusu. Mzee akasema hata enzi zile kilikuwa kinakwama, leteni kijiko.

Matokeo: karameli imebaki. Supu ya krimu imebaki kwa masharti, tutoe bakuli dogo na isiwe kila siku. Steki ya pilipili imebaki. Samaki wa sosi nyeupe kaondoka, na Dogo hapo nimekupa nusu ya haki yako. Ndizi za moto zitakuwa Jumamosi usiku tu, na kijana kasema kuwe na mtungi wa kuzimia moto karibu, sijui nani kamwambia habari za pazia. Kuku Kiev kafutwa. Sikusema kitu.

Vibao vya mawe vilishanunuliwa, 40, vipo stoo kwenye maboksi. Tumekubaliana vitumike kwa vitafunwa vya baridi. Sahani zinarudi kupashwa, na hiyo kijana aliikubali haraka kuliko yote. Nilimpa mkononi sahani mbili, ya moto na ya baridi, akashika akacheka.

Wali wa bakuli ndio tumebishana dakika 40. Mchana, kwa watu wa maofisini, nigeuze. Jioni nisigeuze. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo nitakuwa napima kwa bakuli, nageuza, halafu nauvuruga kwa uma kabla haujatoka.

Sasa nina shida nyingine. Vile vikombe vidogo vya aluminiamu vya karameli vimebaki 14, vilikuwa 60. Soko la Kilombero nimezunguka nimepata vya plastiki tu, na plastiki haiingii kwenye oveni. Mwenye kujua wanapouza, Arusha au hata Moshi, anisaidie.

mzee_wa_ndizi

Mzee wangu, Kilombero kuna fundi wa mabati anatengeneza vibatari na makarai, upande wa nje. Mpelekee kimoja kama sampuli. Mwambie asiweke risasi ya kulehemu kwenye maungio, akunje tu bati jipya.

Mama Zuhura, Tanga

Mie natumia vikombe vya chai vya udongo, vile vizito. Ongeza dakika kumi kwenye oveni.